Jinsi ya kuchapa anga linalofifia kwa ubao, kwa mtindo wa Hiroshige

Katika chapa ya mwaka 1857 ya Hiroshige, msanii wa Kijapani, ile ya mvua ya ghafla kwenye daraja la Ohashi jijini Edo (Tokyo ya leo), juu kabisa limetanda wingu jeusi linalofifia kuelekea chini. Wingu hilo halikuchongwa. Mchapaji alilipaka upya kwenye ubao kwa kila karatasi, ndiyo maana nakala zake hazifanani. Wajapani huuita ufundi huu bokashi, na kazi kubwa humo inafanywa na maji kuliko rangi.

Anza siku moja kabla. Lowanisha karatasi za washi, yaani karatasi za jadi za Kijapani, kwa brashi, zipange pamoja, zifunge kwenye nailoni zilale humo. Kesho yake gusisha moja shavuni: iwe na ubaridi, lakini isikuachie maji. Tafadhali usiiruke hatua hii, maana karatasi kavu hainywi rangi vizuri.

Zamani ubao ulikuwa wa mcheri. Wewe anza na plaiwudi yenye uso laini. Chonga kento, yaani alama mbili za kuegeshea karatasi: moja ya pembe kwenye kona ya chini kulia, nyingine ya mstari kwenye ukingo uleule wa chini.

Sasa anga lenyewe. Futa ubao kwa kitambaa kibichi, kisha ongeza maji pale unapotaka rangi iishie. Juu kabisa weka buluu ya Prussia, ambayo Hiroshige na msanii mwenzake Hokusai waliitumia sana miaka ya 1830, pamoja na tone la uji mzito wa unga wa mchele. Chovya pembe moja tu ya brashi pana kwenye rangi. Nyingine ibaki na maji. Pitisha kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, pembe yenye rangi ikiwa juu daima, ukishuka kidogo kidogo. Usigeuze brashi! Malizia kwa mipapaso myepesi mpaka usijue rangi imeishia wapi.

Kabla ubao haujakauka, egesha karatasi kwenye kento, ilaze, kisha sugua mgongo wake kwa baren, kisugulio cha duara kilichofungwa ganda la mwanzi. Mgongo wa kijiko cha mbao nao unafaa.

Ukiona mstari mkali, ongeza maji. Ukiona vitone vyeupe kama ufuta, uji umepungua au hukukandamiza vya kutosha. Anga likipauka, chapa tena juu yake, safari hii rangi iishie juu zaidi kuliko mara ya kwanza.