Jinsi ya Kusanifu Mtambo wa Mpakani Unaounganisha Mitandao ya IP ya Kampuni za Simu

Kampuni mbili zinapokubaliana kupitishiana simu kwa IP, yaani itifaki ya intaneti, kila moja huweka mtambo mpakani mwa mtandao wake, ili simu za jirani ziingie kwa mlango unaojulikana, zikaguliwe, zihesabiwe kwa ajili ya gharama za mwingiliano, kisha ziendelee ndani bila jirani kuona mpangilio wa nyumba. Mwongozo huu ni wa mhandisi wa Dar es Salaam aliyepewa kazi ya kusanifu mtambo huo, au ya kuandika masharti ya kuununua, na anayetaka uweze kukua kwa kuongezwa kadi (bodi za elektroniki) badala ya kung'olewa wote kila baada ya miaka michache.

Usianze kwa kuchagua chasisi, yaani sanduku linalobeba kadi. Anza kwa kuhesabu, na uhesabu paketi (vipande vya data vinavyotumwa kimoja kimoja) kabla ya biti. Chukua simu moja inayotumia kodeki (kanuni ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 na kutuma paketi kila milisekunde 20: kila upande unatoa paketi 50 kwa sekunde, na kila paketi ina baiti 160 za sauti pamoja na baiti 40 za vichwa (maelezo ya usafirishaji) vya IP, UDP na RTP, yaani kilobiti 80 kwa sekunde. Zikiwapo simu 10,000 kwa wakati mmoja, mtambo unaopokea sauti ya pande zote mbili unaingiza gigabiti 1.6 tu kwa sekunde, kiasi ambacho mlango mmoja wa gigabiti 10 unakimudu bila taabu. Lakini simu hizohizo ni paketi 1,000,000 kwa sekunde, na kila paketi lazima itafutiwe simu yake kwenye jedwali, ibadilishiwe anwani na ihesabiwe. Hata ukihamia G.729, kodeki inayobana sauti zaidi, ambako kila upande unashuka hadi kilobiti 24, idadi ya paketi haipungui hata kwa moja. Mkata tiketi wa kivuko cha Magogoni hachoshwi na uzito wa abiria bali na wingi wao. Kwa hiyo muuzaji anayekutajia gigabiti peke yake hajajibu swali. Mwulize ni paketi ngapi kwa sekunde, za ukubwa gani, na kazi zipi zikiwa zimewashwa wakati wa kupima.

Hesabu ya pili ni ya ishara za kupanga simu, ambazo husafiri kwa itifaki ya SIP. Simu 10,000 zinazodumu kwa wastani wa sekunde 100 zinatokana na simu mpya 100 kila sekunde. Simu iliyojibiwa ina ujumbe saba hivi, tangu INVITE (ombi la kuanza simu) hadi jibu la BYE (ombi la kuimaliza), na kwa kuwa mtambo wa mpakani unashika simu ya upande wa jirani na ya upande wa ndani kama simu mbili, unashughulikia ujumbe 1,400 kwa sekunde. Ni kidogo sana ukilinganisha na paketi milioni moja za sauti, na ndiyo maana wengi huipuuza.

Sasa fikiria kubipu. Mteja anapiga, simu inaita, anakata: INVITE, jibu la 100 (ombi linashughulikiwa), jibu la 180 (simu inaita), CANCEL (kusitisha) na jibu lake, jibu la 487 (ombi limesitishwa), kisha ACK (uthibitisho). Ni ujumbe saba vilevile, bila paketi yoyote ya sauti iwapo mlio wa kuita unatengenezwa kwenye simu ya mpigaji, na bila shilingi ya kutoza. Usiku wa kuamkia Idi au mwaka mpya, kubipu na kupiga tena kunaweza kuzidisha ishara mara kadhaa huku sauti ikiongezeka kidogo tu. Tangazo la kampuni linalowapa wateja dakika nyingi za kupiga mitandao mingine linaweza kufanya kinyume chake. Vitu viwili vinavyokua kwa sababu tofauti visifungwe kwenye kadi moja, na hili, kwa maoni yangu, ni zito kuliko jina la chapa yoyote utakayoichagua.

Weka basi ishara kwenye kadi zenye prosesa za kawaida na kumbukumbu ya kutosha, na sauti kwenye kadi zenye prosesa za mtandao au saketi maalumu zinazosukuma paketi bila kuisumbua prosesa kuu. Kiwango cha AdvancedTCA, kilichopitishwa na PICMG, muungano wa watengenezaji wa kompyuta za viwandani, mwaka 2002, ni mfano mzuri wa umbo hili: chasisi ya inchi 19 hupokea kadi 14, mbili zikiwa za swichi, na kadi huchomolewa mtambo ukiwa unafanya kazi. Leo wengi hutumia seva za kawaida, jambo ambalo sina ugomvi nalo mradi mgawanyo uleule ubaki. Kadi za ishara ziwe mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ikinakili hali ya kila simu. Kwa sauti, kama kadi moja inamudu paketi 500,000, weka mbili za kazi na moja ya akiba, kisha uongeze moja kwa kila simu 5,000 zaidi.

Kila kadi ya sauti iwe na anwani yake ya IP, ambayo jirani anaambiwa ndani ya ujumbe wa SIP pale simu inapopangwa, na ambayo kadi ya akiba hurithi mwenzake anapokufa. Kuna jambo dogo hapa linalochelewesha upanuzi kuliko ununuzi wenyewe: firewall ya jirani, yaani kizuizi cha data kutoka anwani zisizoruhusiwa. Mwombe tangu siku ya kwanza aruhusu fungu zima la anwani, mathalani /27 (anwani 32), hata kama unatumia tatu, la sivyo kila kadi mpya itasubiri kikao cha kampuni mbili.

Kugeuza kodeki, kwa mfano AMR (kodeki ya simu za mkononi) kwenda G.711, kupewe kadi zake, kwa sababu ni baadhi tu ya simu zinazohitaji kazi hiyo.

Umeme na joto vinahitaji uangalifu zaidi katika jiji hili. Chasisi ya kadi 14 zenye wati 200 kila moja inakula wati 2,800 kabla ya kuhesabu feni. Kwa volti 48 hizo ni ampea 58. Lakini TANESCO ikikatika na betri zikashuka hadi volti 40.5, ambacho ni kikomo cha chini cha kiwango cha ETSI (taasisi ya Ulaya ya viwango vya mawasiliano), mkondo unapanda hadi ampea 69, hivyo nyaya na vikata umeme vichaguliwe kwa volti ya chini. Joto lake ni BTU 9,550 kwa saa, kwa hiyo AC ya BTU 9,000 haitoshi hata kwa chasisi hiyo peke yake. Usipoze kwa hewa ya nje ukiwa Msasani au Kigamboni, kwani chumvi ya bahari hula viunganishi. Funga chumba, na uagize kadi zilizopakwa utando wa kinga.

Kila jirani awekewe kikomo chake cha ishara kwa sekunde, kinachotekelezwa kwenye kadi ya kupokea kabla ujumbe haujafika kwenye prosesa, ili mafuriko ya mmoja yasiwanyime wengine huduma. Faiba mbili zinazoingia jengoni zipite barabara tofauti kweli, si mitaro miwili ya barabara moja.

Kabla ya kupokea mtambo, washa simu 10,000 za majaribio kwa volti 40.5, ongeza mabipu hadi mara tano ya ishara ulizokadiria, kisha uchomoe kadi moja ya sauti. Simu zilizokwishajibiwa zisikatike, na ukimya usizidi muda ulioandikwa kwenye mkataba. Kama muda huo haukuandikwa, uandikwe kabla malipo ya mwisho hayajatoka.