Kabla ya karo, pima macho

Mwaka wangu wa tatu nikifundisha urubani pale Wilson, Nairobi, nilipokea kijana aliyekuwa ameshalipa karo yote mahali pengine. Baba yake alikuwa ameuza kipande cha shamba. Daktari alipomfungulia kile kitabu cha Ishihara cha kupima upofu wa rangi, chenye tarakimu ndani ya madoadoa ya rangi, ukurasa baada ya ukurasa hakuona tarakimu. Waliochukua pesa zake hawakuwahi kumuuliza habari za macho. Bado inaniuma.

Kwa hiyo anza na cheti cha afya cha daraja la kwanza. La pili linamtosha rubani binafsi, lakini wewe unataka kubeba abiria. Mwone daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Sahihi ya mwingine, hata akiwa bingwa, haitakusaidia. Utapimwa macho, masikio, presha, mkojo na mapigo ya moyo. Miwani haikuzuii: kila jicho lifike 6/9 (lisome kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 9), yote mawili kwa pamoja 6/6, hata kwa msaada wa miwani, na ukiruka uwe na jozi ya akiba. Ukiwa na mafua, ahirisha. Ugonjwa wowote uliowahi kuugua, useme. Cheti chenyewe ni cha miezi 12, kwa hiyo utarudi kwa daktari mwaka hata mwaka.

Ukishakipata, washa kompyuta. Programu za kuigiza urubani, X-Plane au Microsoft Flight Simulator, yoyote inafaa. Saa zake haziandikwi kwenye kitabu chako cha safari, ila zinafundisha ukizitumia vizuri.

Zoezi ninalowapa wote ni hili. Chukua Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne, paa kutoka Mombasa, karibu na usawa wa bahari, na uangalie umemaliza kiasi gani cha barabara ya kurukia. Kisha nenda Wilson, futi 5,500 hivi, weka joto nyuzi 28, urudie. Sindano ya mwendo itasoma noti 55 zilezile (noti ni maili ya baharini kwa saa) unapoinua pua, lakini ardhi itakuwa inapita kwa kasi zaidi, na barabara inaisha mapema. Hewa ni nyepesi: injini inakosa pumzi, mabawa nayo hayana cha kushika. Kwa joto hilo ndege inafanya kazi kana kwamba iko juu ya futi 8,000. Ukiliona hilo sebuleni kwenu, hutashangaa nikikataa kupaa saa nane mchana tukiwa watu wanne na matangi yamejaa.

Kuna tabia mbaya moja ambayo kompyuta huizaa, nayo ni kukodolea macho saa, yaani vipimo vya ndege. Skrini ni finyu na kiti hakitikisiki, basi macho yanaganda kwenye sindano. Bandika karatasi juu ya saa zote, ubaki na upeo wa macho na mlio wa injini. Usibonyeze kitufe cha kusimamisha mchezo unapokosea. Orodha ya ukaguzi isome kwa sauti. Miaka ijayo, ndani ya simuleta ya shirika la ndege, injini moja itazimwa mara tu baada ya V1, ile kasi ambayo ukiipita huwezi tena kufunga breki, na mkono wako utafuata tabia ulizojijengea sasa.

Siku yako ya kwanza kwangu njoo na cheti mkononi. Nitafunika saa ya mwendo kwa kadi, nikuulize tuko noti ngapi. Sikiliza upepo kwenye kioo, kisha unijibu.