Kabla ya Kulipia Usafishaji wa Ardhi Iliyochafuliwa, Zitafute Hati za Bima za Zamani

Nchini Marekani, mtu aliyerithi au kununua jengo lililowahi kuwa duka la dobi wa kufua nguo kwa kemikali mara nyingi hupata habari ya uchafuzi siku benki inapotaka udongo upimwe kabla ya kutoa mkopo. Kemikali iliyotumika zaidi katika kazi hiyo ni perikloroetilini, ambayo wenyewe huiita perki. Ni nzito kuliko maji, kwa hiyo ikimwagika huzama, hupenya sakafu ya zege na kushuka hadi kwenye maji ya chini ya ardhi, kisha mvuke wake hupanda tena na kuingia katika vyumba vya majirani. Katika mashine za awali, nguo zilizolowa zilitolewa kwenye mashine ya kufulia na kubebwa kwa mikono hadi kwenye ya kukaushia, zikidondosha matone njia nzima. Matone hayo ya miaka na miaka ndiyo yanayodaiwa leo, kwa sababu sheria ya shirikisho ya mwaka 1980 iitwayo CERCLA, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Superfund, inaweza kumbebesha gharama mmiliki wa sasa pamoja na wa zamani, hata kama kilichofanyika hakikukatazwa wakati huo.

Wengi hukata tamaa mapema mno wakidhani kwamba bima iliyokwisha muda mwaka 1978 imekufa. Sivyo. Bima ya dhima ya jumla, yaani ile inayolipia madhara ambayo mwenye biashara amewasababishia watu wengine, katika miaka hiyo kwa kawaida iliandikwa kwa msingi wa tukio, maana yake kinachotazamwa ni mwaka ambao madhara yalitokea, wala si mwaka ambao dai limeletwa. Kama perki ilikuwa ikivuja mwaka 1974, hati ya mwaka 1974 bado inaweza kuitwa kazini. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuandika orodha ya miaka: nani alimiliki jengo, nani aliendesha biashara, na mwaka gani mashine ya aina gani ilifungwa. Miaka iliyo kabla ya 1986 ndiyo yenye thamani kubwa, kwa kuwa mwaka huo fomu ya kawaida ya hati hizo, inayotumiwa na kampuni nyingi za bima, ilianza kuwa na kifungu kinachoondoa kabisa uchafuzi katika mambo yanayolipiwa. Fomu ya mwaka 1973 nayo iliuondoa, lakini ikabakiza uchafuzi uliotokea ghafla na kwa ajali, na mahakama za majimbo zimetofautiana sana kuhusu maana ya neno hilo “ghafla”.

Hapa naomba msomaji atulie, maana kazi ya kutafuta karatasi ndiyo inayoamua mengi, nayo hufanywa kwa haraka kuliko zote. Hati yenyewe ikikosekana, upo ushahidi mwingine unaoweza kukubaliwa. Kipande cha kitabu cha hundi kilichoandikwa jina la kampuni ya bima na namba ya hati, hata kama wino umefifia, kinaweza kuonyesha nani alilipwa na mwaka gani. Daftari la mahesabu, kumbukumbu za vikao vya kampuni, mkataba wa pango uliomtaka mpangaji akate bima, faili la mkopo wa benki, barua za dai la zamani la mteja aliyeteleza mlangoni: vyote hivyo vinafaa. Mtafuteni pia wakala wa bima wa wakati ule au aliyerithi ofisi yake, na mhasibu aliyestaafu. Wapo wataalamu wanaoishi kwa kazi hii ya kufukua bima za kale. Inaniuma kufikiria maboksi yanayotupwa wakati wa kuhama, kwa kuwa boksi moja la risiti linaweza kuzidi kiwanja kwa thamani.

Tambueni pia hati ni ya nani. Anayenunua ardhi tu hanunui bima ya aliyemtangulia. Njia yake ya kawaida ni kumdai mmiliki au mwendeshaji wa zamani, naye huyo ndiye anayeiita kampuni yake ya bima imtetee.

Hati zikipatikana, toeni taarifa kwa maandishi kwa kila kampuni ya kila mwaka kabla ya kulipa mkandarasi yeyote. Hati nyingi zina kifungu kinachokataza mkata bima kulipa kwa hiari yake bila ridhaa ya kampuni, na pesa zilizotumika kabla ya taarifa huweza kupotea moja kwa moja. Kampuni itajibu pengine kwamba hailipii uharibifu wa mali ya mkata bima mwenyewe. Hoja hiyo ina nguvu kwa udongo wake, lakini hudhoofika uchafu unapoyafikia maji ya chini ya ardhi au kiwanja cha jirani, na ndiyo sababu vipimo vya visima vya uchunguzi ni ushahidi wa bima vilevile.

Sheria ya jimbo hubadilisha kila kitu. Mahakama ya Juu ya jimbo la Indiana iliamua mwaka 1996, katika kesi ya Kiger iliyohusu kituo cha petroli, kwamba kifungu cha uchafuzi kilikuwa na utata na hivyo kisomwe kwa faida ya mkata bima. Msimamo huo ulithibitishwa mwaka 2012 katika kesi ya Flexdar. Majimbo mengine yamekwenda kinyume chake. Mwanasheria aajiriwe kwa ujuzi wa jimbo ilipo ardhi na wa upande wa wakata bima.

Mwishoni kampuni huenda ikapendekeza kuinunua hati yake, yaani ilipe kiasi kimoja na isidaiwe tena kamwe. Msitie saini kabla mhandisi hajakadiria gharama yote iliyobaki, ikiwamo ya kupima visima kwa miaka ijayo na ya mitambo ya kuvuta mvuke chini ya sakafu ya jirani, kwa kuwa baada ya saini hiyo gharama itakayoongezeka ni ya mwenye ardhi.