Jaketi la mtumba la kupandia Kilimanjaro: ligeuze nje ndani kwanza

Ukichagua jaketi la mvua sokoni, iwe Memorial pale Moshi au kwingine, usianze na jina la kampuni. Ligeuze nje ndani, utazame mabegani, kwenye kofia na kwapani. Kinachozuia maji ni utando mwembamba ulio upande wa ndani pamoja na utepe uliobandikwa juu ya mishono. Utando ukibanduka kama ngozi ya nyoka au ukinata vidoleni, au utepe ukiachia, rudisha jaketi hata kama nje linang'aa, maana utando uliooza hautengenezeki. Halafu bana kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu: pumzi ikipenya kirahisi, hilo halizuii mvua.

Kinyume chake, jaketi ambalo nje linalowa na rangi yake kukoza badala ya maji kuteleza, usilikatae haraka. Mara nyingi ni uchafu, au dawa ya kutelezesha maji iliyopakwa nje imechoka. Lifue kwa sabuni isiyo na kilainishi, lisuuze sana, kisha lipashe moto mdogo kama lebo inaruhusu. Mengi hurudia hali yake, na hapo ndipo unapopata kitu imara kwa bei ndogo.

Njia hii inakwama kwa majaketi ya kuskii (kuteleza kwenye theluji) yenye bitana na sufi, kwa sababu utando haufikiki. Kwa hayo, mwombe muuzaji akuruhusu kumwaga kikombe cha maji kwenye bega la jaketi, usubiri dakika 10, kisha upapase kwa ndani. Akikataa, mimi naliacha.