Blenda au juisa? Kabla hujatoa hela yako

Mbukwenyi wadau. Kila mwezi lazima mtu aniulize hili, ndugu anunue blenda au mashine ya kukamulia juisi, na mi huwa namrudishia maswali mawili: utaweka nini humo ndani, na nani ataosha? La pili watu wanacheka ila ndo lenyewe.

Mi mwenyewe nilianza na juisa. Nilionjeshwa juisi ya karoti na tangawizi kwa mtu pale Ilazo, ile safi kabisa haina hata uzi, nikasema na mimi lazima niwe nayo. Wiki ya kwanza tulikunywa karoti mpaka watoto wakiona nashika kisu wanakimbia, wiki ya tatu mashine iko juu ya kabati. Wala haikuharibika, nilichoka kuosha. Juisa ina mfuniko, kile cha kusukumia matunda, chujio la chuma lenye vitundu kama vimetobolewa na sindano, bakuli, chombo cha makapi na jagi lake, na lile chujio usipolisugua na mswaki palepale nyuzi za karoti zinakaukia hapo na kesho juisi haipiti. Sasa chukua hiyo kazi uiweke siku ya mgao wa maji hapa Dodoma, una ndoo mbili za kuogesha watoto na kupikia, afu ugawie na chujio. Blenda unaweka maji kikombe na tone la sabuni, unaizungusha sekunde kumi, unamwaga, unasuuza, basi.

Zinafanyaje kazi? Blenda ina visu chini, inasaga kila kitu na kila kitu kinabaki humohumo, ukitaka laini unachuja mwenyewe. Juisa ya kawaida, hizi nyingi za madukani, ina lile chujio lenye meno linalozunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika, linakwangua tunda, maji yanarushwa pembeni na makapi yanaenda kwake. Ina kelele, na juisi inatoka na povu. Afu kuna zile za taratibu zenye kitu kama parafujo kubwa, hazifiki mizunguko 100 kwa dakika, zinaminya badala ya kukwangua, makapi yanatoka makavu na juisi unapata nyingi zaidi, ila bei yake ni ya kujipanga kweli, na inabidi ukatekate vipande vidogo.

Sasa angalia unachokula nyumbani kwako. Ndizi, parachichi, embe lililoiva sana, papai, hivi juisa haiwezi, vinageuka uji vinaziba chujio na unachopata ni vijiko viwili. Hapo ni blenda tu. Karoti, bitiruti, epo, tangawizi, hapo juisa inatamba kwa sababu ni vigumu na vina maji ndani. Karoti kwenye blenda inawezekana ila lazima uongeze maji, usage, uchuje kwa kitambaa na mikono iwe rangi ya chungwa, na bado ladha inakuwa nyepesi. Tikiti na nanasi mashine zote mbili zinafanya. Machungwa usinunulie mashine yoyote, kile kikamulio cha mkono cha plastiki kinatosha. Ubuyu na ukwaju ndo kabisa, loweka, vuruga na mkono, chuja. Kuna mtu aliweka ukwaju na mbegu zake kwenye blenda, ile sauti ilikuwa kama kokoto kwenye sufuria, na visu vikapinda.

Zabibu nizisemee peke yake maana huku kwetu ndo zetu, zinavunwa mara mbili kwa mwaka na wakati wa msimu unazikuta mpaka barabarani. Kosa la wengi ni kuzisaga kwenye blenda kama wanasaga nyanya. Zile mbegu zikivunjika zinaachia ukakasi, juisi inakuwa chungu inakamata ulimi, afu unaongeza sukari kufukuza uchungu, wakati zabibu yenyewe ilikuwa tamu. Fanya hivi: zitoe kwenye vikonyo, osha, weka nusu jagi na maji kidogo, afu bonyeza ile swichi yenye P, bonyeza-achia, bonyeza-achia, mara nne au tano tu, maganda yapasuke mbegu zibaki nzima. Unamimina kwenye chujio na unakandamiza na mgongo wa kijiko. Ukifanya vizuri unaziona mbegu zimebaki nzima kwenye chujio.

Na blenda haifanyi juisi tu jamani. Nyanya za mchuzi, vitunguu saumu, tui la nazi, na ile yenye kikombe kidogo cha kusagia vikavu unasaga karanga za kuweka kwenye mlenda badala ya kutwanga. Hapo tu kwangu ndo ilishinda. Ila karanga zisage kidogokidogo, ukizidisha zinatoa mafuta zinagandia visu. Juisa haina kazi ya pili.

Kuna wanaosema blenda ina afya kwa sababu nyuzinyuzi zinabaki. Kweli, kama huchuji. Ukisaga afu ukachuja ukatupa makapi, umetengeneza ileile ya juisa, umefika kwa njia ndefu. Na Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2015 linaihesabu sukari ya juisi ya matunda kwenye kundi moja na sukari ya kuongeza, kwa hiyo kama nyumbani kuna mzee mwenye kisukari, bilauri kubwa ya juisi safi ya machungwa matano sio dawa, bora ale chungwa lenyewe.

Umeme usikutishe. Blenda ya wati 500 ukiitumia dakika tatu inakula uniti 0.025, yaani uniti moja ya LUKU unasaga mara 40. Kinachomaliza LUKU ni pasi na jiko, blenda mnaisingizia.

Ukienda dukani usiangalie boksi, picha za boksi zote nzuri. Wati zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi usiziamini sana, geuza mashine usome kibandiko cha chini kwenye mota yenyewe. Mwambie muuzaji achomeke, na weka maji kwenye jagi maana tupu haikuonyeshi kitu. Sikiliza kama inakwaruza, gusa jagi kama linacheza, nusa kama kuna harufu ya kuungua. Angalia kitako cha jagi kama maji yanavuja. Afu muulize: kile kigurudumu cha meno kinachoshikanisha jagi na mota, kipo cha kuuza? Na mpira wa visu? Na jagi lenyewe? Hivyo ndo vinavyokufa kwanza, akikuambia havipatikani achana nayo hata kama bei ni tamu, maana mota itakuwa nzima na mashine itakuwa pambo. Jagi la kioo ni zito na halishiki harufu ya vitunguu, la plastiki linavumilia kuanguka. Kama una watoto chukua plastiki. Risiti ya garanti ipige picha, karatasi zile zinafutika maandishi.

Kwa hiyo kama ndo unaanza na hela ni ya mashine moja, chukua blenda yenye kikombe cha vikavu, ongeza chujio zuri na kitambaa safi. Juisa nunua kama kweli mnakunywa karoti au bitiruti karibu kila siku, na mmekubaliana nani ataosha. Na karoti pigia hesabu, kilo nzima kwenye juisa yangu inatoa kama nusu lita tu, familia ya watu watano hiyo ni ya kulamba.

Ukishaifikisha nyumbani, usiizungushe mfululizo zaidi ya dakika moja, ipumzishe, hizi mota za nyumbani zinachemka haraka. Tanguliza maji kabla ya vigumu. Supu au uji wa moto usijaze, mvuke unarusha mfuniko na utaungua uso, subiri upoe. Umeme ukikatika katikati ya kusaga chomoa plagi, usiache swichi imewashwa, umeme unaweza kurudi mkono wako uko kwenye jagi. Na ule mpira chini ya visu utoe mara moja kwa wiki uoshe, mi wa kwangu nilikaa miezi bila kuufungua, siku nimeufungua nikajua kwa nini juisi ya embe ilikuwa inanukia saumu.