Namna ya kusoma dinari ya Kirumi: mfano wa Tiberius

Wasomaji wa Biblia wanaijua dinari, sarafu ya Kirumi ya madini ya fedha, kwa jina. Katika Marko 12 Yesu anaomba aonyeshwe moja, kisha anauliza sanamu na maandishi yake ni ya nani. Sarafu hizi husomwa kwa swali hilohilo. Wengi wanaamini ilikuwa dinari ya Tiberius, kaisari wa Roma aliyetawala mwaka 14 hadi 37 BK, basi tuanze na hiyo.

1. Ishike ukingoni. Nakusihi, usiisugue kwa mswaki wala kuitia limau. Weusi uliotanda juu ya fedha hauidhuru, tena ndio unaoikoleza picha.

2. Ipime kwa mizani ya sonara. Nzima hukaribia gramu 3.8, iliyotumika sana hupungua. Ukiona wekundu wa shaba penye mkwaruzo, huenda ni ya bandia ya enzi hizohizo: shaba iliyovikwa fedha.

3. Weka taa ubavuni, si juu, vivuli viinue sura. Kichwa kinatazama kulia kikiwa na shada la majani, na ncha za utepe wake zinaning'inia shingoni. Usiipite sura hii haraka. Roma ilizoea kuchapa miungu na mababu. Julius Caesar ndiye aliyeanza kuwekewa sura yake jijini humo akiwa hai, mwaka 44 KK.

4. Soma maandishi: TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS. V husimama mahali pa U, na F ni kifupi cha neno la Kilatini la "mwana". Kwa hiyo: Tiberius Caesar Augustus, mwana wa Augustus aliyefanywa mungu. Sasa fikiria Myahudi wa Yerusalemu akiambiwa alipe kodi kwa kipande chenye maneno hayo. Mimi kila nikiyafikia hunisisimua.

5. Geuza. PONTIF MAXIM, yaani Kuhani Mkuu, na mwanamke ameketi na fimbo ya enzi na tawi. Wengi humwona Livia, mamake Tiberius, ingawa jina halikuandikwa. Kwa lenzi, kagua miguu ya kiti: kuna iliyo mitupu na iliyonakshiwa, na kwa tofauti hiyo wataalamu hupanga matoleo.

Ukishaizoea hii, tafuta picha ya ile ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, ya mwaka 42 KK. Nyuma ina EID MAR, siku ya kati ya Machi alipouawa Caesar. Juu ya maneno hayo kuna majambia mawili, na katikati yake kofia ya mtumwa aliyeachwa huru.