Somo: Sura ya vampaya ukiwa nyumbani, kwa ngozi ya rangi yoyote

Mara ya kwanza nilipompamba mdogo wangu awe vampaya, yule maiti wa hadithi anayefyonza damu za watu, kwa ajili ya Halloween, ule usiku wa kuvaa sura za kutisha, nilimmiminia poda nyeupe mpaka kope zikapotea. Alipojitazama kwenye kioo akanyamaza, nami nikaona wazi kuwa pale hapakuwa na vampaya, palikuwa na poda tu. Ndipo nilipoanza kuelewa kitu ambacho ndicho somo lote hili: vampaya si mtu mweupe. Vampaya ni mtu aliyeishiwa damu. Ukilishika hilo, sura inatoka kwa mtu mweusi tii, kwa mwenye rangi ya maji ya kunde na kwa mweupe vilevile, na wala huhitaji vifaa vya bei kubwa.

Andaa fondesheni ya rangi yako mwenyewe, poda isiyo na rangi, wanja mweusi, brashi moja nene na moja nyembamba sana, sponji, na rangi za macho zisizong'aa: kijivu, kahawia, buluu, kijani, zambarau, nyeusi na damu ya mzee. Hiyo damu ya mzee usiikose, ndiyo tutakayoifanyia kazi kuliko zote. Soma maandishi ya kila kifaa, kwa sababu baadhi ya rangi nyekundu za usoni hazifai kukaribia macho. Rangi za kuchorea picha na za ukutani zisiguse ngozi kabisa.

Hatua ya 1: Jaribu, kisha safisha

Siku moja kabla, paka kila kitu kipya kidogo upande wa ndani wa mkono ukiache saa 24. Pakiwasha au pakivimba, kiweke kando. Siku yenyewe osha uso, paka losheni nyepesi, ngoja dakika 10 iingie. Ngozi kavu hunyonya fondesheni kwa mabaka.

Hatua ya 2: Ondoa damu usoni

Hapa ndipo wengi tunapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Uso wa mtu mzima wa afya una joto: wekundu wa damu, umanjano, au ule mng'ao wa rangi ya chungwa ulio kwenye ngozi nyingi nyeusi. Kazi yako ni kuliua hilo joto. Kijani huua wekundu. Buluu huua rangi ya chungwa. Zambarau hafifu huua umanjano.

Weka fondesheni nyuma ya kiganja, kiasi cha punje ya harage. Kwangua rangi ya macho kiasi cha kichwa cha kiberiti, changanya kwa kidole mpaka mistari iishe, kisha paka kwenye taya na ujitazame karibu na dirisha. Ngozi nyeusi hupenda buluu yenye kijivu. Ukiipaka nyeupe tupu inapauka, na watu watadhani hujapaka mafuta. Maji ya kunde hupenda kijani chenye kijivu. Mweupe anaweza kuchukua fondesheni iliyofifia ngazi moja au mbili kuliko yake, akaongeza zambarau kidogo. Unachotafuta ni ile rangi ya mtu aliyelala na homa siku tatu. Ukiiona, simama hapo.

Pigapiga kwa sponji, usivute. Shuka mpaka shingoni, kwenye mitulinga, nyuma ya masikio na migongo ya viganja. Uso wa maiti uliokaa juu ya shingo yenye uhai hauwezi kumdanganya mtu yeyote. Malizia kwa kubonyeza poda isiyo na rangi.

Hatua ya 3: Chimba mashavu

Nyonya mashavu ndani. Bonde linalojitokeza ndilo unalolijaza, kuanzia sikioni kuelekea pembe ya mdomo, ukome usawa wa pembe ya nje ya jicho. Tumia kijivu kilichochanganywa na kahawia; kwa ngozi nyeusi tumia zambarau iliyoiva au nyeusi kidogo sana. Ile kahawia yenye wekundu tunayoizoea kwa harusi iache, kwa sababu inarudisha joto lote uliloliondoa. Gusa pia kwenye panja na chini ya taya.

Hatua ya 4: Macho

Paka damu ya mzee kuzunguka jicho lote, juu mpaka kwenye mfupa, chini mpaka shimo la jicho linapoishia. Kingo zake zififishe kwa brashi safi mpaka usione ilipoanzia. Juu yake weka nyeusi, karibu na kope tu, kisha wanja. Nyeusi ikitangulia, jicho linaonekana limepigwa ngumi. Wekundu ukitangulia, linaonekana halijalala miaka mingi.

Hatua ya 5: Mishipa

Kabla hujachora, geuza mkono wako uangalie kifundo. Mshipa haukimbii kama mstari wa rula. Unatokeza, unazama, unapotea chini ya ngozi, unaibuka mbele kidogo ukiwa umegawanyika kama mzizi. Chora hivyohivyo kwenye panja na upande wa shingo, kwa brashi nyembamba yenye buluu na kijani, huku ukiilegeza mkononi. Halafu bonyeza kidole juu ya mstari sehemu mbili tatu ili ufifie. Mishipa mitatu inatosha. Mimi nikiona uso wenye mishipa kumi naona ramani.

Hatua ya 6: Mdomo

Futa rangi ya midomo kwa fondesheni uliyochanganya. Zungushia kingo wanja mweusi kidogo, jaza katikati damu ya mzee, bana midomo mara moja. Basi.

Hatua ya 7: Damu

Chemsha shira: sehemu 2 za sukari kwa sehemu 1 ya maji, mpaka inate kati ya vidole. Iache ipoe kabisa, shira ya moto huunguza vibaya. Chukua vijiko 4 vya chakula. Koroga kijiko 1 cha chai cha kakao kwenye maji kidogo kwanza, isije ikafanya madonge, kisha tia ndani ya shira. Ongeza nusu kijiko cha chai cha rangi nyekundu ya chakula na tone 1 la buluu.

Sasa dondosha tone kwenye sahani nyeupe, inamisha sahani. Tazama ukingo wa tone pale lilipo jembamba. Ukingo ukiwa wa waridi, hiyo ni juisi, ongeza kakao. Ukiwa mwekundu wenye kahawia, umepata damu.

Usiichore kwenye kidevu. Weka nusu kijiko cha chai ndani ya mdomo wa chini, inama mbele, acha itoke yenyewe kwenye pembe. Mkono hauwezi kuiga njia ambayo tone linajichagulia.

Ukitaka alama za meno shingoni kwa mwathiriwa wako, pima kwanza. Chukua rula, pima umbali kati ya ncha za machonge yako mawili ya juu: kwa mtu mzima ni kama sentimita 3 hadi 3.5. Wengi huchora vitundu vilivyobanana kama vya nyoka. Weka nukta mbili za damu ya mzee, katikati ya kila moja nukta ndogo nyeusi, zungushia zambarau hafifu kama jeraha linaloanza kuvilia, kisha tone moja la damu lishuke kutoka kwenye nukta moja tu.

Maswali ya wanachama

*Dada, mimi ni mweusi sana, mishipa ya buluu haionekani kabisa. Nifanyeje?*

Usiing'arishe buluu, itaonekana kama kalamu. Chora mshipa kwa zambarau nzito inayokaribia nyeusi, halafu upande mmoja tu pitisha mstari mwembamba sana wa rangi nyepesi kidogo kuliko ngozi yako. Ule mwanga na kivuli hufanya mshipa uonekane umetuna. Nimeujaribu kwenye ngozi yangu na ninaupenda kuliko wa buluu.

*Nimeona lenzi nyekundu za macho zinauzwa bila kupimwa. Ni sawa kuvaa usiku mmoja tu?*

Hapana, mpenzi, hata usiku mmoja. Lenzi isiyokutosha hukwaruza konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, na vijidudu vikiingia kwenye mkwaruzo unaweza kupata kidonda cha jicho na kupoteza uoni. Marekani tangu 2005 sheria inazihesabu hata lenzi za urembo kuwa kifaa cha tiba kinachohitaji cheti cha daktari wa macho. Kama unazitaka, pima macho kwanza, na usiazimane na mtu. Bila lenzi, weka damu ya mzee chini ya kope za chini na mboni zenyewe zitaonekana kali.

*Meno ya bandia yananidondoka nikiongea. Shoga yangu anasema nitumie gundi ya kucha.*

Tafadhali usifanye hivyo. Gundi ya kucha ni ya ukoo mmoja na ile gundi kali ya vitu vya nyumbani, na inapong'oka inaweza kuondoka na tabaka la jino. Tafuta machonge yanayokuja na punje za plastiki zinazolainika kwenye maji ya moto, kama nyuzi 60. Zitoe, zipoe kidogo, zijaze ndani ya chonge, bonyeza kwenye jino kavu, zikiganda unavaa na kuvua utakavyo. Krimu ya kushikizia meno bandia nayo hufaa kwa saa chache. Yavue kabla ya kula na kabla ya kulala.

*Mwanangu ana miaka 6, anataka awe kama mimi. Na je, naweza kutumia asali badala ya shira?*

Mama, kwake fanya macho na mishipa miwili tu, kwa rangi za uso za maji zinazotoka kwa sabuni. Machonge madogo ya kuchomeka usimpe, anaweza kuyameza. Asali inafaa sana kwa damu, ina uzito mzuri, ila kama kuna kichanga wa chini ya mwaka 1 nyumbani isimguse mdomoni kabisa.

*Damu imeingia kwenye kola ya shati jeupe. Na usoni imeacha doa la waridi.*

Shati lisuuze kwa maji ya baridi sasa hivi, kabla halijakauka, kisha sabuni ya vyombo. Maji ya moto na pasi vitaligandisha doa. Usoni paka mafuta, acha dakika 5, futa kwa pamba, halafu nawa kwa sabuni ya kawaida; likibaki rudia kesho asubuhi, usisugue kwa nguvu. Siku nyingine, kwa damu ya nguo na shingoni ambayo haitaingia mdomoni, changanya matone machache ya sabuni ya vyombo tangu mwanzo. Iweke kwenye chupa tofauti na uiandike jina, zisije zikabadilishana.